Mwaka wa Shanga za Buluu

Kila mwanzo wa mwezi binti mmoja huja dukani kwangu hapa Lodwar na simu yake pana, akaulizia bei. Sukari kilo moja. Majani ya chai, pakiti ile ile ndogo. Sabuni ya mche. Mara ya kwanza nilimuuliza mbona hanunui chochote. Akacheka, akanieleza kwamba kazi yake ni kuuliza bei za vitu vile vile, mwezi baada ya mwezi, ili ijulikane maisha yamepanda kiasi gani. Nikamwambia, mwanangu, kazi hiyo naijua. Nyanya yangu aliifanya kule Kakuma kabla mama yako hajazaliwa, na hakulipwa hata senti.

Kakuma ya miaka ya sabini, rafiki yangu, usijisumbue kuitafuta leo. Hapakuwa na kambi ya wakimbizi, wala makazi ya Kalobeyei na bodaboda zake. Palikuwa na misheni, kituo cha polisi, maduka machache ya mabati, na mto Tarach ambao karibu mwaka mzima ulikuwa mchanga mtupu. Lori likija kutoka Lodwar, vumbi lake tuliliona kabla ya kusikia mlio wake. Watoto wote tuliacha mbuzi tukakimbilia barabarani, kisha tukachapwa kwa kuacha mbuzi, na lori la pili likija tulikimbia tena.

Kila mwaka, mvua zikishapita, nyumbani tulichinja mbuzi dume mmoja aliyekomaa. Nyama ilikuwa ya wote, lakini ngozi ilikuwa ya nyanya. Mimi nilimsaidia kuiwamba kwa vigingi, kuikwangua mafuta, na kuilinda dhidi ya mbwa, nikitafuna tunda la mkoma hadi meno yakafa ganzi. Ngozi ilipokauka ukaigonga ikalia kama debe, nyanya aliikunja, akajitwika kichwani, akachukua kikombe chake cha bati kilichobanduka rangi, nasi tukashika njia ya dukani.

Duka lile lilinuka ngozi, mafuta ya taa na tumbaku, na mpaka leo nikikutana na harufu hizo tatu mahali pamoja nafurahi bila sababu. Alichotaka nyanya hakikubadilika kamwe. Sukari vikombe viwili, na kikombe ni kile chake, si cha mwenye duka. Majani ya chai pakiti moja. Tumbaku ya kutafuna, kipande cha urefu wa kiganja. Thamani ya ngozi iliyobaki baada ya hapo ndiyo ilikuwa shanga zangu. Mama aliwahi kumshauri apunguze hiki aongeze kile. Nyanya akamjibu, "Nikibadilisha kila mwaka, nitajuaje dunia imeenda wapi?"

Basi dunia ilipimwa shingoni mwangu. Kila mwaka ulikuwa na rangi yake, na shanga za mwaka huo nyanya alizitunga mwenyewe, akazipaka mafuta, akanivisha. Mwaka wa nyeupe nilipata duru nene, kwa sababu vitu vilikuwa rahisi. Mwaka wa nyekundu ulikuwa mwembamba. Kule kwenye visima vya mchangani, wasichana wenzangu hawakuniuliza habari za nyumbani, waliniangalia shingo. Ndiyo maana, nikiwa mtoto mdogo hivyo, niliichukia bei ya sukari kama adui yangu wa damu. Kila ilipopanda ilinivua shanga.

Halafu ukaja mwaka wa buluu. Mvua zilikuwa haba, malori yakaadimika, na watu wakaanza kunywa chai chungu huku wakisema ndivyo daktari alivyowaagiza. Wasichana wa rika langu walikuwa wanajiandaa kwenda ngomani kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeota buluu ile tangu mwaka uliotangulia.

"Ejok, mama mzee," mwenye duka akamwamkia nyanya, lakini hakutabasamu kama kawaida yake. "Sukari imepanda sana."

"Imepanda wapi? Mimi naiona hapo chini kwa gunia."

Mwenye duka akacheka kwa shida. Akapima sukari kwa kikombe chetu, akaweka pakiti ya chai, akakata tumbaku, akaitazama ngozi, kisha akanitazama mimi. "Shanga hakuna, mama. Ngozi imekwisha hapa."

Nililia pale pale. Sitakudanganya kwamba nilijikaza. Nyanya hakunibembeleza, wala hakunigombeza. Aliiokota ile tumbaku, akainusa, akaisukuma mbele ya mwenye duka.

"Hii yako imelala," akasema. "Haina harufu. Rudisha."

Mwenye duka akainusa naye, akapiga chafya mara mbili, machozi yakamjaa machoni. Tumbaku ile ilikuwa kali ajabu. "Kweli, mama," akasema huku akijifuta. "Imelala kabisa." Akaiweka kando, akachukua kijiko, na shanga za buluu zikaanza kumwagika ndani ya kopo. Sauti ile bado ninayo.

Ngomani nilikwenda na shingo nene. Nyumbani, kwa majuma kadhaa nyanya alitafuna vijiti na kumgombeza kila aliyepita, hata jogoo wa jirani. Nilipolalamika, mama aliniambia, "Nyamaza. Tumbaku yake iko shingoni mwako."

Nilipoletwa shule hapa Lodwar shanga zilivuliwa, nyanya akanitunzia. Sasa yeye hayupo. Duka lile halipo, na ngozi ya mbuzi mmoja siku hizi haikununulii chochote cha maana. Zimebaki shanga, zinaning'inia kwenye msumari juu ya rafu yangu.

Mwezi uliopita yule binti wa bei aliziona, nikamsomea miaka yangu duru kwa duru. Alisikiliza kwa makini, mtoto mwenye adabu. Akagusa ile duru ya buluu. "Hii ni nene sana, mama. Mwaka huo bei zilishuka?"

"Mwaka huo zilikuwa juu kuliko yote," nikamwambia. "Huo usiuhesabu. Huo ni nyanya."

Hakuelewa, nami sikumweleza. Akarudi kwenye simu yake. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja. "Na tumbaku, mama, inauzwaje?"

Nikamtajia bei, nikafungua karatasi ya tumbaku aone kipande chenyewe. Harufu ikanipanda puani, na macho yakanijaa.

"Pole, mama. Kumbe ni kali hivyo!"

"Ni kali," nikasema. "Hata siku ile ilikuwa kali."