Unga Kwenye Shali ya Mtoto

Naona aibu kusimulia haya, lakini kwa vile kijiji kizima kinajua, afadhali mnisikie mimi mwenyewe: mimi ndiye yule mwanaume aliyebeba pakiti ya unga akasema ni mtoto wake.

Mke wangu Chebet alikuwa amebakisha wiki mbili ajifungue, na mbwa wetu Tomi, ambaye watoto walimrushia mawe tangu akiwa mdogo, alikuwa akibwekea kila mtoto anayepita. Mama yangu alishasema: "Mtoto akifika, huyo mbwa anaenda kwa mjomba wako kule Mulot." Sikutaka aende. Basi nikafunga unga wa kilo mbili kwenye shali, nikawa naupakata nyumbani, Tomi akiwa kwa kamba, mbali kidogo. Akitulia anapata kipande cha nyama, akikaza mwili tunarudi nyuma, bila kumgombeza (mbwa anayeogopa ukimpiga unamwongezea hofu tu). Siku ya sita alilala chini mwenyewe alipoona shali.

Kichwa kikanivimba. Nikaamua twende kituo cha kupimia majani chai, azoee shali kukiwa na watu. Gunia la majani mgongoni, "mtoto" mkononi, mbwa kwa kamba. Jirani yetu Mama Chelangat akaacha majani yake kwenye mizani.

"Wee! Chebet amezaa na hatujaambiwa? Hebu tumwone!"

Ningesema tu ni unga. Lakini karani anatazama, wazee wanatazama, nikajibu neno moja, "Amelala," nikaondoka mbio hata majani sijapima.

Alasiri, shali ikiwa bado mkononi, nikasikia wimbo njiani. Wamama kama kumi, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na kuni za mzazi, na watoto wao nyuma, na hapo mlangoni Chebet ameketi anachambua mboga, tumbo liko vilevile.

Wimbo ukakatika.

"Kumbe ni mapacha," mmoja akanong'ona. "Mwingine bado ako ndani."

Mama yangu akatoka jikoni, akaninyang'anya shali, akaifungua mbele ya wote. Wamama walicheka mpaka wakakaa kwenye nyasi, watoto wakarukaruka wakipiga kelele, na hapo nikashtuka: Tomi! Nilikuwa nimemfunga kwenye mparachichi. Nikageuka. Alikuwa amelala chini, kimya, ananitazama. Nikawaomba watoto wabaki karibu na ua, nikampelekea nyama yake.

Mama aliona yote. "Mbwa atabaki," akasema. "Wa kufungwa ni wewe."

Nimeapa: nikiulizwa nimebeba nini, nitasema nimebeba nini. Na hata leo hatumwachi Tomi na mtoto peke yao, hata dakika moja.

Tulipotoka hospitali ya Longisa na binti yetu, Mama Chelangat alitungoja langoni kwetu. "Lete kwanza nishike, nione kama huyu analia."

Mtoto akalia kweli. Tomi, kwenye kamba yake, akasimamisha masikio, akalala chini, akatazama mfuko wangu wa nyama.