Nyuki Niliowafagia

Wifi yangu Kashindye ni mfupi, mkavu, na hapa Usoke ndiye mwanamke pekee niliyemwona akipanda mti kutundika mzinga, sisi wengine tumeshika viuno tukimcheka. Ana mizinga kumi na minne. Asali yake ndiyo iliyomsomesha binti yake Julieth.

Mwezi wa tisa, Alois wa ugani alituletea dawa mpya ya kupulizia vitalu vya tumbaku. Kashindye akasimama kwenye kikao cha kikundi chetu cha wakulima.

"Kiangazi nyuki wangu wanakunywa maji kwenye vitalu hivyo. Porini kumekauka."

"Mama, kwa kipimo hiki madhara kwa nyuki hayajathibitika."

"Hayajathibitika, au hayajapimwa?"

Alois akaangalia karatasi yake. "Hapa hatujapima."

"Basi tumieni ile ya zamani. Hii mpya ijaribiwe kitalu kimoja kwanza, kule mbali."

Mwenyekiti wa kikundi ni mimi. Nikamwambia, "Wifi, wadudu wakimaliza miche, nyuki wako watatulimia?" Watu wakacheka. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono kuipitisha dawa mpya, wengine wakafuata.

Kitalu changu ndicho kilicho karibu na mizinga yake. Siku ya tatu baada ya kupulizia, nilikwenda asubuhi kumwagilia, nikakuta nyuki wametapakaa pembeni kama kunde zilizomwagika, wengine wangali wakitapatapa. Nilijua. Sikuita mtu. Nikachukua ufagio, nikawafagia, nikawafukia nyuma ya choo, kisha nikamwagilia miche yangu.

Wiki ile mizinga tisa ikanyamaza. Kashindye akamwita Alois, naye akapita akiuliza kama kuna aliyeona nyuki waliokufa. Nikasema sijaona, tena kwa sauti kavu, kama mtu anayesumbuliwa. Akaandika hakuna ushahidi.

Jana wifi kaniletea asali, nusu kopo. "Ya mwisho mwaka huu. Mwakani mtapulizia tena?"

"Karatasi inasema hakuna ushahidi," nikajibu, kisha nikaliweka kopo chini.

Nikachukua jembe. Nikamwambia anifuate nyuma ya choo.

Udongo wa kiangazi hauozeshi upesi. Kashindye akachuchumaa, akachota nyuki kiganja kizima, akawapuliza vumbi polepole. Hakulia, wala hakunitukana, afadhali angenitukana.

"Ulifagia vizuri, wifi," akasema. "Sasa mwite Alois, umwambie mwenyewe."