Kanda Iliyokuwa Ikisikiliza

Juzi niliona kanda kuukuu ya kompyuta kwenye meza ya mchuuzi wa sokoni Mwembe Tayari, na joto la chumba cha ami likanirudia mwilini.

Nilikuwa mtoto. Ami, nduguye baba, alishinda tangu asubuhi akichomoa waya na kuchomeka, mpaka kompyuta ikaitambua mashine mpya ya kunakili mafaili yake kwenye kanda. Kisha akafunga madirisha, vumbi lisiingie.

"Keti hapa, mwanangu. Usiguse kitu mpaka taa hii izime. Naenda kuswali Alasiri."

Akatia komeo kwa nje ili wadogo zangu wasiingie.

Mashine ikaanza kukoroma. Chumba kilinuka plastiki ya moto. Mimi kanda nilizozijua ni zile tulizomrekodia baba salamu, yeye akiwa Maskati, mmoja akisema na nyumba nzima imenyamaza. Nikaamini hii nayo inasikiliza. Nilizuia kikohozi. Jasho lilinitiririka mgongoni, nisithubutu kujifuta. Nyanya aliniita kutoka ukumbini, sikuitika.

Taa haikuzima. Mwishowe niliiinamia mashine, nikanong'ona nililokatazwa kumwambia baba katika salamu: "Baba, mama hulia jikoni. Rudi."

Ami aliporudi alisoma kioo cha kompyuta, akatabasamu. "Hakikukosekana kitu."

Leo najua kanda ile ilibeba barua zake za kazini tu. Lakini kaseti ya baba ilipofika, niliisikiliza pande zote mbili nikitafuta jibu langu. Aliuliza kama viatu alivyonitumia vimenitosha.