Sindano ya Minette, Nyau ya Madame Ingénieur

Hapana, haikunikwaruzaka hata siku moja. Njo ile mulikuwa mutauliza, mi naona vile munaangalia mikono yangu. Hii alama hapa ni mafuta ya beignets, mandazi. Hii ingine ni mulango ya four, jiko ya kuokea mukate. Nyau haimo. Ile nyau ilikuwa na heshima kupita bote benye kukaa hapa na bichwa chini. Sogeeni, bajukulu, nibaambie namna tulikuwa tunafanya kazi.

Siku ya kwanza ya kazi nilikuwa bado kasichana, ku mission ya Lubudi, upande ya bagonjwa. Ma Sœur Supérieure, sista mukubwa, muzungu murefu sawa poteau ya umeme, ananiangalia kutoka miguu mpaka kichwa. Hata jina haniulize. Anasemea mu mapua: «Unajua kuchemusha mayi?» Mi nasema, ndiyo, Ma Sœur. «Basi chemusha sindano.» Ile wakati sindano haikuwa ya kutupa sawa ya leo. Ilikuwa ya kioo. Unaisafisha, unaichemusha mu sufuria, unaishika na pince, mikono haigusi. Ukivunja moja, Ma Sœur hatukani. Anapumua tu, fffff, mpaka unatamani akutukane.

Kusoma sikusomaka. Lakini kuchemusha, niulizeni.

Kisha nikaolewa. Bwana yangu akapata kazi ku mugodi, Kolwezi, nikamufuata. Njo nikaingia kwa Madame Ingénieur, muzungu, bibi ya injinia ya mugodi, kufua na kupiga pasi. Inchi ilikuwa imeshabadilisha jina, tuko Zaïre, kila mutu anaitwa citoyen, mwananchi. Mupishi alikuwa Tata Mathias, katekista. Majina ya ubatizo serikali ilikuwa imekataza, karata yake ya kitambulisho inasema Ilunga, lakini umwite Ilunga mu cuisine, hageuke. «Mungu haniite Ilunga,» anasema, na ile sauti yake ya kusomea épître mu kanisa.

Madame hakuzala. Alikuwa na Minette, nyau ya rangi ya majivu, nene, tumbo inafagia ciment. Saa ya chakula Minette inakaa pembeni ya Madame, Madame anaongea nayo Kifaransa polepole, sawa mutu anaongea na mama yake. Ingénieur yeye alikuwa anaongea na nyau sawa na mufanyakazi mwenye kuchelewa: «Wewe! Toka pa kiti!»

Kisha, mu kiangazi moja, Minette ikaanza kunywa mayi. Inakunywa mu sahani yake, inakunywa mu ndoo yangu ya kufulia, inakunywa mu pot ya maua. Inakojoa fasi yote. Inakula sana na inakonda. Miguu ya nyuma ikaregea, ikawa inatembea na bisigino, chini chini, sawa mama mukubwa mwenye biatu bya kumubana. Tata Mathias akanong'ona: «Hii balishairoga.» Siku moja ikakojoa juu ya ma plan ya Ingénieur, makaratasi makubwa ya mugodi. Oo! «Mama Kapinga! Kesho hii nyau inaenda kwa docteur, na hairudi!» Madame akajifungia mu chumba. Nikasimama mu couloir na mashuka mu mikono, nasikia vile analia. Sikujua kama bazungu bakubwa banaliaka vile.

Kesho yake mi na Madame tukaipeleka. Docteur alikuwa docteur ya bangombe, ku ferme pembeni ya muji. Mutoto ya Kasai, sawa siye, kijana, na matope ku bottes. Akafinya Minette tumbo, akaniuliza mi, haulize Madame: «Citoyenne, sisimizi inakuya pa mikojo yake?» Mi nasema, Docteur, inakuya, inapanga mustari sawa batu ya komunio. Akacheka mpaka akashika meza. «Basi ni sukari.»

Akatuelezea. Mu mwili munakuwaka dawa moja, insuline, njo inafungulia sukari mulango iingie mu nyama. Insuline ikikosa, sukari inabaki inje, mu damu, inazunguka bule, inatoka na mikojo. Nyau inakula na njaa haiishe. Sasa, sindano asubui na magaribi, kila siku. Chakula ni nyama, samaki, kuku. Mukate hapana, bukari ya mahindi hapana, maziwa ya mukebe hapana. «Na musikie muzuri: inakula kwanza, sindano nyuma. Mukiichoma na tumbo bule, sukari itaanguka, na nyau itaanguka nayo.»

Madame akashika sindano. Akairudisha pa meza. Akaniangalia. «Mama Kapinga... wewe... unaweza?»

Mi nilijua kuchemusha, kuchoma sijue. Na zile namba ku sindano, kwangu ni mikwaruzo tu. Docteur hakunicheka. Akalomba Madame verni ya makucha, ile nyekundu, akapiga mustari ku kioo. «Fika pa rangi. Usipite.» Akanionyesha chupa: hauitikise, unaizungusha mu biganja polepole, sawa unapasha mayai moto. Unainua ngozi ku mugongo, katikati ya mabega, pale mama nyau anashikiaka mutoto wake na meno. Unatia, unasukuma, unatosha sindano. Minette haikugeuka hata. Ilikuwa inakula.

Chupa ilikuwa inakaa mu frigo, pembeni ya siagi. Courant, umeme ya barrage ya Nzilo, ikikatika, tunaitia mu mutungi ya mayi, mu kivuli. Mu kamp yetu ya bafanyakazi bamama bakacheka! «Eee, docteur ya banyau anapita! Docteur, na kuku yangu anakohoa!» Cheka, cheka. Nyuma balikuwa banapiga hodi, banabeba batoto na dawa ya hospitali, «Mama Kapinga, mukono yako haiume.»

Mvua ilipoanza, Minette ilikuwa inasimama muzuri ku miguu. Siku moja ikaruka pa kiti ya Ingénieur. «Wewe! To...» Akaiangalia. «Bon. Kaa.» Na yeye akaenda kukaa ku tabure! Kutoka ile siku, akirudi ku mugodi, bottes bado ku miguu, anapiga kelele pa mulango: «Amekula? Amechomwa?» Mwenye alisema hairudi!

Lakini mara moja tulikuwa karibu kuipoteza, na ni juu ya dini. Ilikuwa Vendredi Saint, Ijumaa Kuu. Tata Mathias akakataa kupika nyama. Si ya batu tu, hata ya nyau! «Mu cuisine yangu, leo, damu hapana.» Akatia mu sahani ndagala ya kukauka, na munyu yote. Minette ikanusa, ikaenda. Imbwa ya jirani ikaingia, ikapangusa sahani. Mi nafika: sahani bule. Nauliza: Tata, imekula? «Imekula yote,» na moyo safi, maana hakuona imbwa. Nikachoma.

Nilikuwa napiga pasi, nikasikia kitu inagonga ukuta. Minette inatembea sawa mulevi, kisha ikaanguka, miguu inaruka-ruka, macho inaangalia fasi hakuna kitu. Madame akapiga magoti. Nikakimbia ku cuisine. Nikaiba buki ya Tata Mathias, asali ya porini yenye alikuwa anachunga kwa Pasaka. Nikatia kidole, nikapaka mu ufizi, kidogo kidogo, isiingie mu mapafu. Napaka, naita, Minette, Minette, mama yangu. Tata Mathias nyuma yangu anasali na kulia. Kisha nikasikia ulimi inalamba kidole yangu. Ile ulimi ya nyau, mikwaruzo-mikwaruzo. Mu kazi yangu yote sikupata matabishi, zawadi, kupita ile.

Kutoka pale, Tata Mathias alikuwa anakaa chini na nyau mpaka inamaliza. «Kula, Minette. Mungu ananiangalia.»

Nyuma nilifulia batu bengine, mpaka mugongo ikakataa. Leo binti infirmière ya hospitali anaweza kuangalia sukari na kamachine kadogo, muzuri sana. Lakini siku mukichoma mutu, mumuchunge, muangalie kama amekula, muongee naye. Kwangu, kazi iliisha kweli siku moja tu, ile yenye nyau ilikufa.

Minette ilikuwa imezeeka. Mafigo imeharibika, chakula inageuzia kichwa, inalala pembeni ya mutungi na kidevu ku ciment. Tukaita Docteur, naye ndevu imeshatia mvi. Bote bakasema pamoja. Madame: «Labda insuline ingine, Docteur, dada yangu atatuma.» Ingénieur: «Nitatafuta avion, tutaipeleka Bulaya.» Tata Mathias: «Nitapika supu ya kuku, laini.» Mi nilikuwa nimeshachemusha sindano ya magaribi.

Docteur akatia mukono ku mbavu ya Minette, akaiacha pale murefu. Hakusema citoyenne, hakusema Madame, alituambia siye bote:

«Imechoka. Muache kuisumbua.»