Damu ya Mama Mnada

Mama Mnada alikuwa na ulimi wa kuuza jiwe likanunuliwa kama mkate. Yeye na mumewe walinadi samani kuukuu nyuma ya gereji. Mume alipofariki, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akautaka mnada. Siku moja, mbele ya wateja, alimpokonya kipaza sauti kwa nguvu. Kikamgonga mdomo, meno mawili ya mbele yakang'oka.

"Bahati mbaya," shemeji alisema, kisha akaendelea kunadi.

Mnadi ukitaka kumuua, mnyang'anye herufi. Mama Mnada aliporudi na kutangaza "thofa thafi thana," uwanja ulicheka. Shemeji akamwigiza kwenye kipaza sauti mpaka watu wakashika mbavu. Mama akaondoka, ila hakusamehe.

Meno ya kubandika yalimcheza mdomoni kila alipopaza sauti. Mwishowe dada yake akampeleka kwa daktari wa meno.

"Mfupa wa taya umenywea, skrubu ya kushikilia jino jipya haina pa kushika," daktari alisema. "Tutapandikiza mwingine. Ila kwanza nikutoe damu mkononi."

"Damu tena? Iliyomwagika haikutosha?"

Daktari akacheka, akamweleza. Damu ikizungushwa kwenye mashine hujitenga, na katikati hubaki kitu cha manjano, laini kama jeli. Humo ndimo zinamojaa chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata na kuuita mwili uje kuziba kidonda. Angechanganya jeli hiyo na punje za mfupa, aijaze kwenye pengo, kisha ashone.

"Husaidia kidonda kupona vizuri. Mfupa wenyewe utataka miezi, na siahidi muujiza."

"Na damu hiyo ni yangu?"

"Yako tupu."

"Basi vuta. Sitaki mtu aje kujigamba kwamba alinisaidia."

Mashine ikavuma. Mama Mnada akaikazia macho, na moyoni aliyekuwa akizungushwa humo ni shemeji.

Miezi ile alikula vyakula laini, akawatembelea wateja wa zamani mmoja mmoja, akafanya mazoezi ya kunadi mbele ya ukuta. Mfupa ulishika. Meno yalipokazwa, alikodi uwanja ng'ambo ya barabara, akauchagua uleule unaotazamana na wa shemeji, siku ileile, saa ileile. Sauti ilipotoka, watu walivuka barabara kama maji yanayofuata mteremko. Shemeji akabaki kuvinadia viti.

Haukupita muda akafunga mnada wake, akaja kuomba kazi.

"Shemeji, yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," mama akamalizia. "Anza na kabati lile."

Lilikuwa la milango mitatu, la mbao ngumu. Akalileta mbele akihema. Mama akalitazama, akaona limekaa vibaya, akamwambia alirudishe. Kisha alilete tena. Wateja wakaanza kucheka.

Dada yake akamsogelea. "Sasa moyo umetulia?"

"Bado," alisema Mama Mnada. "Kuna na kitanda."