Feni Yangu Kwenye Lori la Jeshi

Harufu ya waya unaoungua bado inanipandisha hasira. Juzi hapa Tunduma chaja ya simu iliungua kwa jirani, watu wakakimbilia kuichomoa. Mimi nikabaki nimekunja ngumi kama mtoto wa miaka kumi. Cheka tu ndugu yangu, lakini kwanza nisikilize.

Nyumbani Igamba baba alikuwa na lori kuukuu la jeshi alilolinunua mnadani, la kijani kilichopauka, ukifunga mlango wake kuku wanaruka. Lilibeba mahindi yetu na ya majirani. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: mlimani, jua likiwa kali, petroli ilichemka ndani ya pampu kabla haijafika kwenye injini, lori likazima. Baba aliifunga pampu kwa kitambaa chenye maji, tukasubiri ipoe. Vitenge viwili vya mama viliishia humo.

Sasa mimi nilikuwa na feni ya umeme, ndogo, ya gari dogo. Nilipewa na mzee mmoja Mzambia wa vyuma chakavu, nikamwachia kuku wangu wa pekee. Nilikuwa na ndoto nayo: ingetoa moshi jikoni, mama aache kupika huku machozi yanamtoka. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa naifuta vumbi.

Siku moja natoka shule, naikuta mikononi mwa baba mkubwa, kaka yake baba, fundi wa kuheshimika pale kijijini. Anaifunga ndani ya boneti ili iipulizie pampu upepo. Hakuna aliyeniomba. Cha mtoto ni cha ukoo, walisema.

Hilo ningelimeza. Lakini lori la jeshi lina betri mbili, na baba mkubwa aliamini ya pili ni ya akiba. "Wanajeshi wana akili," aliwaambia watu waliojaa uani. "Moja ikifa vitani, wanayo nyingine." Mimi nilishaunguza balbu ya tochi kwa kuongeza betri. Nilijua.

"Ba'mkubwa, itaungua," nikasema. "Hizo betri ni kama ng'ombe wa jembe, zinavuta zote mbili. Feni hii ni ya betri moja, peke yake haiwezi. Zifungwe feni mbili, umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili."

"Ehee! Injinia wa darasa la nne!" Watu wakaangua kicheko. "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, binti."

Akawasha. Feni ikalia kama nyuki waliochokozwa, majani makavu yakaruka, watu wakapiga makofi. Kisha moshi, na ile harufu. Ikasimama.

"Feni mbovu hii," akasema baba mkubwa. "Na huyu mtoto ameitia mkosi kwa mdomo wake. Mfundishe adabu."

Nikamtazama baba. Yeye alitazama matairi. "Piga magoti," akasema polepole. "Muombe baba yako mkubwa msamaha."

Nikapiga magoti kwenye oili, kwa kosa la mtu mwingine, mbele ya feni yangu mwenyewe. 

Wiki chache baadaye lori likaanza kupanda mlima bila kuzima. Baba alisema limetengenezwa na fundi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Baba mkubwa akawasifu sana Wazambia. Nami nikaamini.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Lori limeshakufa, nyasi zimelizunguka. Nikafunua boneti. Kando ya pampu kulikuwa na feni mbili ndogo, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, waya ukitoka kwenye moja na kuingia kwenye nyingine. Na lile fundo nalijua: ndivyo baba anavyofunga magunia.

Miaka yote nilidhani baba hakunisikia. Kumbe alinisikia siku ileile, neno kwa neno, na bado akanipigisha magoti. Nilimwonea huruma, nikimwaza peke yake humo ndani ya boneti, akijificha kama mwizi ili kaka yake asimwone. Ila huruma ile haikuipunguza hasira hata kidogo.

Nikamkuta anapukuchua mahindi. "Baba, zile feni ulizifunga wewe."

Akacheka kwa aibu. "Sasa mwanangu, ningemwambia nini kaka yangu? Kwamba nimefundishwa na nani?"

"Ungemtajia jina langu."