Kiingereza Tulichokipigia Makofi

Mwanangu, mimi si mtu wa kushtuka. Muulize yeyote hapa Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, atakuambia Mzee Thembo haruki hata bunduki ikilia mgongoni kwake. Nikiwa na umri kama wako nilisukuma baiskeli ya chumvi kutoka Katwe, tembo wamesimama barabarani kama askari wa kizuizi. Nikangoja waondoke, nikaendelea na safari. Mto ulishuka na mawe yake ukabeba ghala langu zima la sementi. Nikalala, asubuhi nikaenda Hima kuchukua nyingine. Nimepekuliwa na afande wa upande huu na afande wa upande ule siku hiyo hiyo moja, na wote wawili nikawauzia chumvi. Shule niliiacha darasa la nne. Leo lori mbili ninazo, na vijana wenye vyeti ndio wanaoziendesha. Nilikuwa nikijisifu kwamba cha kunishtua mimi bado hakijazaliwa.

Kumbe kilikuwa kimezaliwa, tena kilikuwa Sinia Wani, kidato cha kwanza, katika shule moja ya bweni pale Bwera.

Kwanza umjue Masika. Ni mama wa kutoka Beni, upande wa Kongo, huniletea mawese na maharage, nami nampa chumvi. Tumefanya kazi hiyo kwa kuaminiana tangu sina hata duka la kufunga kufuli. Vita vilipokaribia kwao alivuka na mwanawe, mvulana mwembamba wa macho makubwa, jina lake Paluku. Jina lenyewe linasema kwamba ni wa kwanza wa kiume. Huku kwetu tungemwita Baluku, maana sisi na wao tunasema lugha moja. Mto Lhubiriha wakubwa waliufanya mpaka, lakini maneno yetu hayakuulizwa pasipoti.

"Baba Thembo," Masika akaniambia, "huyu mutoto nakuachia. Asome kwa amani. Miye nitakuwa nakuja siku ya soko tu."

"Masika, umemleta kwa mtu," nikamjibu. "Mwaka hautaisha, huyu atakuwa anaota kwa Kiingereza."

Unaona kiburi hicho? Kiingereza chenyewe sikijui. Najua cha kuulizia bei na cha kusalimia, basi. Usicheke, mwanangu, na wewe siku yako itafika.

Shuleni pale watoto kama Paluku walikuwa wengi. Walisoma kwao kwa Kifaransa na Kiswahili, wakaja huku wakakuta kila kitu kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa pili darasani kwao, huku anakaa nyuma kama gunia. Kulikuwa na mwalimu mmoja, Madamu Kabugho, aliyeliona hilo mapema. Alisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema, "Wazee wangu, hawa watoto si wajinga. Hesabu wanazo kichwani, wanakosa mlango wa kutokea tu. Tuwape saa moja kila jioni waelezane masomo kwa lugha wanayoijua, halafu tuwavushe polepole kwenye Kiingereza. Na kila mgeni apewe mwenzake mkubwa wa kumsemea pale anapokwama."

Nilicheka kabla hajakaa. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na walinichagua kwa sababu bati za bwalo nilizinunua mimi.

"Madamu," nikasema, "mimi Kiswahili nilifundishwa na mkanda wa afande, Kilingala nilifundishwa na njaa, Kiganda nilifundishwa na watu walionidai. Hakuna aliyenivusha polepole. Ukimbembeleza mtoto, atataka kubembelezwa mpaka aote mvi. Kuanzia leo ni Kiingereza tu. Chakula kiombwe kwa Kiingereza, ruhusa iombwe kwa Kiingereza, hata dawa iombwe kwa Kiingereza!"

Wazazi wakapiga makofi, na hedimasta akaandika. Madamu Kabugho alikaa chini, akapanga chaki zake kwenye boksi. Mwanangu, makofi usiyaamini sana. Hata debe tupu ukiligonga litakuitikia.

Sikuishia hapo. Nilimwita Paluku nikamwambia, "Simu yangu utapiga ukiwa na Kiingereza mdomoni. Lugha ya nyumbani utaikuta nyumbani." Nikamgeukia na mama yake, nikamkataza kuongea na mtoto mpaka muhula uishe, ili Kiingereza kishike vizuri. Masika alitazama miguu yake, akasema, "Kama ni dawa, basi." Akaondoka bila kugeuka, kwa sababu angegeuka angelia.

Sasa ile Jumanne. Jumanne hapa ni soko, watu wanavuka daraja tangu alfajiri, na duka langu lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Masika alikuwa ameshusha bidoni zake za mawese, ameketi juu ya gunia la chumvi, anakunywa chai. Simu yangu ikalia. Nikaona namba ya metroni wa shule, mlezi wa bweni ambaye watoto huazima simu yake.

"Nyamazeni!" nikawapigia watu kelele. "Mzungu wangu anapiga!" Nikaifungulia sauti ya nje, wote wasikie.

"Tata..." akaanza Paluku, yaani baba, akafuatisha neno jingine la kwetu, chini chini.

"Kiingereza!" nikamkata.

Tulisikia pumzi yake tu, inaingia, inatoka. Kisha akasema, "Ayamu faini." Akapumua tena. "Ayamu faini, thenkyu, sa."

Duka lililipuka kwa makofi. Muuza viazi wa jirani alirusha kofia juu. "Huyo waziri kabisa!" akasema. "Mzee, kasema nini?"

"Kasema mambo makubwa," nikamjibu. "Wewe na viazi vyako utayaelewa wapi?"

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Masika aliweka kikombe chini.

"Ile sauti si yake," akasema. "Muulize na luga yetu."

"Masika, utamharibia mtoto. Hukusikia? Yuko faini."

"Nimesikia. Weye ndiye hujasikia. Paluku akiwa muzima anasemaka mbio mbio, kama mvua kwa bati. Leo anasukuma neno moja moja. Muulize, Baba Thembo."

Nami, mwanangu, nikakata simu mbele ya macho yake. Nilitaka kumwonyesha nani anajua mambo ya shule.

Hakugombana na mimi. Alikaza kitenge kiunoni, akaziacha bidoni zake wazi, mawese yakipigwa na jua, akasimamisha boda akaelekea Bwera. Masika ni mfanyabiashara. Sijawahi kumwona akiacha mali yake hata kwenda haja. Lile peke yake lingetosha kuniamsha. Badala yake muuza viazi alisema, "Wamama wa Kongo! Wivu wa Kiingereza huo!" nasi tukacheka, nikaendelea kupima chumvi.

Sikuwa nimemaliza kumhudumia mteja wa tatu, simu ikalia tena, namba ile ile ya metroni. Alikuwa Masika. Hakusema Kiswahili safari hii. Alisema lugha yetu, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: njoo na gari, mtoto wako hawezi kusimama.

Mtoto wako. Hakusema wangu.

Lori lilikuwa linashusha mizigo. Nikaruka kwenye usukani mwenyewe, likiwa bado na nusu ya chumvi nyuma. Nilimkuta Paluku amelala kwenye sakafu ya bweni, amejikunja, magoti yamegusa kidevu, jasho linamtoka na mwili unawaka. Mama yake amemshika kichwa. Metroni amesimama pembeni.

"Ameumwa tangu lini?" nikauliza kwa ukali.

"Tangu Jumapili, Mzee."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Alikuja dirishani kwangu, akashika tumbo, akaanza kwa lugha yake. Nikamwambia arudi akiwa na Kiingereza. Akarudi kitandani. Leo aliomba simu kwa mkono, nikampa, nikafikiri anakusalimia. Mzee, ni wewe uliyesema mkutanoni. Hata dawa, ulisema."

Mwanangu, nimekuambia kuhusu tembo na mto na bunduki. Hakuna kati ya hivyo kilichowahi kunishtua. Siku hiyo nilishtuka. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tulimuuliza Kiingereza! Na mtoto, kwa sababu alikuwa mtiifu, alitafuta kichwani kwake kote, akakuta sentensi moja tu aliyofundishwa, ile ya kusema mimi ni mzima, akanipa hiyo. Nami nikaipigia makofi, na kelele za duka zima zikamwendea kwenye sikio huku tumbo linampasuka.

Tulimlaza juu ya magunia ya chumvi, Masika akakaa naye nyuma. Kila lori lilipoingia shimoni nilimsikia mtoto akilia, na kila kilio kilikuwa cha lugha yetu. Hospitalini daktari alimbonyeza mara moja tu, akaita watu wake. Kidole tumbo kimepasuka, akasema, usaha umeshaanza kuenea. Angekaa mpaka jioni, tusingekuwa na la kuongea.

Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Tukabaki kwenye benchi, mimi na Masika, jua likitupiga miguuni. Nilitaka kusema kitu. Mimi, mwenye lugha nne, nikakosa hata moja. Ndipo yeye akasema, bila kunitazama:

"Baba Thembo, nilikupatia mutoto. Sikukupatia kasuku."

Akaendelea, macho yake kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.

"Mutu mwenye kuumia iko na luga moja tu, ile alinyonyea. Zingine zote ni za kuazima, na ya kuazima inakimbiaka siku ya shida. Weye ulisema ni dawa. Nilikuamini, juu ya weye ni mukubwa."

Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alifungua pindo la kitenge, akatoa karanga alizokuwa ameleta za soko, akanigawia nusu. Angenipiga, ningejua pa kukaa. Nilizishika zile karanga mkononi mpaka zikalowa jasho, sikuweza kutafuna. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami siku hiyo nilikuwa wa kutazama tu.

Paluku alipona. Lakini kwa zile saa tulizongoja, sikujua kama nitamrudisha mama yule hadi daraja la Mpondwe akiwa na mwanawe au akiwa na kitenge kitupu. Usiombe kukaa kwenye benchi kama ile.

Nilipata muda wa kufikiri pale, jambo ambalo sina mazoea nalo. Ni kweli lugha zangu nilizipata kwa njaa na mkanda. Lakini sokoni ukikosa neno unanyosha kidole: ile, kiasi gani? Mtu anaona, anakupa. Maumivu hayanyoshewi kidole kwenye simu. Na hesabu za Sinia Wani vile vile. Nilidhani mtoto akinyang'anywa lugha ya kwao, ile ya shule itaingia mahali pake kama mpangaji mpya. Haiji hivyo. Ukibomoa daraja kabla hujajenga lingine, hakuna anayevuka, hata wewe mwenye mali.

Mkutano uliofuata nilisimama mwenyewe. Nilianza kwa kusema Madamu Kabugho alikuwa sahihi, na maneno hayo yalinikwaruza koo kama muhogo mkavu. Siku hizi ile saa ya kuelezana kila jioni ipo, bwaloni chini ya bati zangu. Watoto wanaelezana sayansi kwa Lhukonzo, lugha yetu, na kwa Kiswahili, wanagombana, wanacheka, halafu Madamu anawarudisha somo lile lile kwa Kiingereza, na safari hii linaingia. Kila mgeni ana mwenzake mkubwa wa kumsemea. Dirishani kwa metroni unaumwa kwa lugha yoyote. Paluku sasa yuko Sinia Foo, Kiingereza chake kinateremka mbio mbio, kama mvua kwa bati, na ndiye anayewaongoza wageni wapya. Mimi pia nimewahi kuingia mle mara kadhaa, nikakaa nyuma. Waliponiuliza, niliwaambia nakagua bati.

Basi shika haya, mwanangu. Jifunze lugha za watu, zote unazoweza, nami nitakusifu. Lakini usimcheke anayetafuta neno, na usimfungie mlango mpaka alipate. Ukiwa na mtoto wa mwenzio mikononi, msikilize sauti kabla ya maneno. Na ukimsikia mtu anasema mimi ni mzima, muulize tena kwa lugha ya mama yake. Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, akufungulie milango ya lugha nyingi, na asikukoseshe hata siku moja mtu wa kukuelewa ukilia.

Nawe najua utaniuliza, kwa maana watoto wa siku hizi mnapenda bei. Upasuaji, damu, dawa na kitanda, pamoja na chupa ya maji ya shilingi elfu moja, kitu cha kwanza Paluku alichoniomba daktari aliporuhusu anywe, akaniomba kwa lugha yetu nami nikakimbia kwenda kuinunua: makofi yale ya dukani yalinigharimu shilingi milioni mbili, laki nane na elfu arobaini na moja.